Fundi Anajibu: Pointi katikati ya kona

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina meza ya treni ndogo za mfano, skeli ya HO (1:87), urefu mita 2.4, upana mita 1.2. Njia yangu ni mviringo wa kawaida: pande mbili zimenyooka, na kila mwisho kuna kona ya nusu duara yenye nusukipenyo cha milimita 500. Nilitaka tawi dogo la kwenda kwenye ghala la mizigo, nikaona pazuri ni katikati ya kona ya kulia, ghala likae ndani ya duara. Nikakata reli, nikapachika pointi ya kawaida, yaani kipande cha reli kinachogawa njia moja kuwa mbili, ile ambayo njia kuu yake imenyooka na tawi ndilo linalopinda. Tawi lina nusukipenyo cha milimita 914, na pointi nzima ina urefu wa milimita 219. Ilikataa kukaa. Nikaibana kwa misumari minne. Tangu siku hiyo injini inapita, behewa la kwanza linapita, la pili linapita, la tatu linaanguka, kila mzunguko. Nimebadilisha magurudumu, nimeliongezea behewa uzito, nimezipiga tupa ndimi za pointi, zile reli nyembamba zinazosogea, mpaka zimekuwa kama wembe. Je, nimeuziwa pointi mbovu? – Mwenye behewa la tatu

JIBU: Marahaba. Pointi haikuwa mbovu ulipoinunua, ingawa kwa tupa hiyo sasa iko njiani. Weka tupa chini, chukua rula.

Kata kipande cha kadi kilichonyooka chenye urefu wa milimita 219. Kilaze juu ya kona yako ya kushoto, ile ambayo hujaigusa, ncha zake zote mbili zikae katikati ya njia. Sasa angalia katikati ya kadi: tumbo la kona limetokeza nje kwa milimita 12. Njia ya HO ina upana wa milimita 16.5 tu, kwa hiyo uliitaka njia ihame karibu robo tatu ya upana wake. Lakini shida yenyewe haiko hapo katikati, iko kwenye ncha. Reli iliyokuwa inapinda kidogo kidogo inafika kwenye ncha ya pointi na kugeuka ghafla kwa nyuzi 12 na nusu, inakwenda moja kwa moja milimita 219, halafu inageuka ghafla tena kwa kiasi kilekile. Linganisha na hili: pointi nyingi za ukubwa huo hulitenga tawi na njia kuu kwa nyuzi 12. Kila ncha umepata mgeuko unaoushinda wa pointi yenyewe, ila huu hauna ulimi wa kulipokea gurudumu wala reli ya kinga ya kulishika.

Mgeuko wa namna hiyo mimi nauita goti. Reli ikipiga goti, gurudumu halina habari. Linaendelea kule lilikokuwa linaelekea.

Kwa nini behewa la tatu? Nabashiri ndilo refu kuliko yote uliyonayo. Lihamishie nafasi ya kwanza uone, litaanguka likiwa la kwanza. Injini ni nzito na magurudumu yake yako karibu karibu, goti inalirukia. Behewa refu la abiria ni habari nyingine. Behewa halisi la mita 26.4 likipunguzwa kwa 1:87 linakuwa na milimita 303, na kwenye kona ya 500 hilo tayari linapita kwa shida. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji huyafupisha mabehewa yao zaidi ya skeli. Likifika kwenye goti, bogi ya mbele, yaani kile kigari cha magurudumu manne chini ya behewa, imeshageuka, ya nyuma bado, na kulabu inavutwa pembeni badala ya mbele. Uzito uliouongeza ndani umeifanya kazi kuwa ngumu zaidi kwa kulabu hiyo.

Najua haya kwa sababu nami nimeyafanya. Meza yangu ya kwanza ilikuwa na pointi niliyoilazimisha vivyo hivyo, na kwa zaidi ya mwaka nililaumu behewa la mgahawa, lile lenye vimeza na vitaa vyekundu madirishani. Lilianguka hadi sakafuni mara mbili. Mara ya pili paa liliachana na kuta na vitaa viwili sijaviona mpaka leo. Nililibadilishia magurudumu kama wewe. Siku moja nilikuwa nimedondosha pini mezani, nikainama kuitafuta, shavu likagusa plaiwudi, na jicho likawa usawa wa reli. Nikaliona goti. Ukisimama wima na kutazama kwa juu, kona yenye goti inaonekana safi kabisa. Ukilaza jicho kwenye reli na kuitazama kwa urefu wake, inaonekana kama kijiti kilichovunjwa.

Pini ilikuwa ya kazi, maana kwa mchana mimi ni mshoni. Na pachiko lako nalijua tangu nikiwa mwanagenzi wa cherehani. Mkono wa shati ukikatwa bila kufuata tundu la kwapa, mwanagenzi huuvuta kwa vidole huku cherehani inakimbia, mpaka kitambaa kinafika. Shati linavalika. Mwenye shati akiinua mkono, mshono unalia. Wewe umevuta kitambaa kwa misumari minne.

Katika kazi hii pointi haibadiliki, kona ndiyo inayobadilika. Kwa hiyo usitafute namna ya kuiingiza pointi kwenye kona uliyonayo. Laza pointi kwanza, halafu chora kona inayopita ndani yake.

Chukua pointi yako, iweke kifudifudi kwenye mashine ya kunakili, utoe nakala tano au sita. Picha itatoka kama unavyoiona pointi ukiitazama kwa juu, huhitaji kuigeuza. Pima nakala kwa rula kabla ya kuiamini, mashine nyingi hubadilisha ukubwa wa picha kidogo bila kusema. Kama huna mashine, laza pointi juu ya karatasi upitishe penseli kandokando. Hiyo ndiyo patani yako. Ibane mezani kwa pini, isogeze, itoe, irudishe. Mimi huchezea karatasi jioni nzima kabla sijagusa msumeno, na mke wangu anasema huo ndio mchezo wenyewe, treni ni kisingizio.

Sasa tazama patani hiyo kwa jicho jingine. Umeng'ang'ania kwamba upande ulionyooka ndio njia kuu. Nani kasema? Kona yako inapinda, na pointi yako ina upande unaopinda. Ufanye upande huo ndio njia kuu, na ule ulionyooka ndio uwe tawi. Treni kubwa itafuata mpindo bila kuhisi kitu, na tawi litaondoka kwa kunyooka kuelekea nje ya kona.

Nasikia ukisema ghala liko ndani ya duara. Lihamishe. Pembe ya meza yako iko wazi, na najua iko wazi kwa sababu kwenye kila meza ya mviringo niliyowahi kuiona pembe huwa na mti mmoja na ng'ombe wawili. Ghala litakaa hapo vizuri, tena mbele ya macho.

Lakini usiiweke pointi katikati ya kona tena, iweke mwanzoni, pale mstari ulionyooka unapoanza kupinda. Katikati ya kona tawi litagonga ukingo wa meza mapema mno. Mwanzoni linaendelea tu na mstari uliokuwepo, sambamba na ukingo. Tuhesabu. Kutoka mwanzo wa kona yako hadi mwisho wa meza kuna milimita 600, kama njia iko milimita 100 kutoka ukingoni. Tawi lako linapinda taratibu kuliko kona, 914 dhidi ya 500, kwa hiyo kupinda inabidi kuanze mapema, karibu milimita 90 nyuma ya pale kunapoanzia sasa. Ukitoa urefu wa pointi unabaki na zaidi kidogo ya milimita 450 za tawi. Sehemu ya kwanza ya hapo huwezi kuegesha kitu, behewa lililosimama litakwaruzwa na treni inayopita. Zilizobaki zinatosha mabehewa mawili ya ekseli mbili kwa raha, matatu kwa kubanana.

Na kona yenyewe? Kwa kuwa sehemu yake ya kwanza sasa inapinda kwa upole, iliyobaki itasogea sentimita moja, pengine moja na nusu. Ndiyo gharama yote. Tena umepata faida ambayo hukuiomba: behewa refu sasa linaingia kwenye kona kwa hatua, kwanza 914, halafu 500, badala ya kutoka kwenye mstari ulionyooka na kutupwa kwenye 500 mara moja. Reli halisi hupinda hivyohivyo, kidogo kisha zaidi.

Ukiamua kununua pointi nyingine kwa sababu ya tupa, ndogo itakufaa zaidi. Kwenye familia ya Streamline ya kampuni ya Peco, kwa mfano, pointi ndogo ina tawi la milimita 610, ya kati 914, kubwa 1524, na zote tatu zinatoka kwa pembe ileile ya nyuzi 12. Hiyo ya 610 inakaribiana sana na kona yako, ina urefu wa milimita 185, na kona itasogea kidogo mno.

Baada ya hapo ni kazi ya mikono. Kona mpya ifanye kwa reli ya kunyumbulika, si vipande vya kona vilivyokatwa tayari, maana vipande havitakutana na pointi mahali unapotaka. Reli ya namna hiyo ina upande mmoja unaoteleza ndani ya mataruma na mwingine ulioshikwa. Upande unaoteleza uweke ndani ya kona. Ukiipinda utaona reli ya ndani inachungulia nje ya mwenzake, na kwa kona ya nyuzi 90 inazidi karibu milimita 26. Usiikate mpaka umeshaipinda yote na kuibana kwa pini. Kata, halafu piga tupa pua ya reli mpaka kidole hakikwaruzwi. Hapo ndipo tupa yako ina kazi.

Kiungo kikiangukia ndani ya kona, ungana reli mbili zikiwa zimenyooka bado mezani, chomelea kwa risasi, ndipo uzipinde kama reli moja. Kiungo kisichochomelewa hujinyoosha chenyewe ukiachia mkono, na goti linarudi kwa mlango wa nyuma. Ila kiungo kati ya reli na pointi usikichomelee. Siku moja utataka kuing'oa.

Misumari minne itoe yote. Pointi ilale bila kulazimishwa; ukiibonyeza kwa kidole ikacheza, chini yake hakuko sawa, tandika vizuri au piga msasa. Kisha jaribu kwa kurudisha nyuma. Kuvuta huficha makosa mengi. Panga mabehewa, refu zaidi likiwa la mwisho kabisa, na injini iyasukume kinyumenyume kupitia pointi, polepole, mara kumi. Behewa la tatu likipita hivyo, mlipe fidia ya magurudumu uliyomng'oa.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Kona yangu ni pana kidogo, nusukipenyo milimita 800, skeli ya HO. Tawi langu lazima liende ndani ya kona, nje kuna ukuta wa chumba. Rafiki aliniambia nikate vijiti vya plastiki vinavyounganisha mataruma ya pointi iliyonyooka, ikilegea niikunje ifuate kona. Inawezekana? – Ukuta uko nje

JIBU: Nzuri. Rafiki yako kasema kweli nusu. Nusu aliyoiacha ndiyo inayouma.

Ukiikunja pointi, hupindi njia kuu peke yake. Tawi linakunjwa pia, na mpindo wake wa zamani unajumlishwa na mpya. Hesabu yake ni rahisi: zidisha nusukipenyo vyote viwili, gawa kwa jumla yao. Tuseme tawi lina 914 na kona ni 800. Mara: 731,200. Jumla: 1,714. Gawa: tawi lako jipya lina nusukipenyo cha milimita 427 hivi. Ulikuwa na kona ya 800 uliyoipigania chumba kizima, na tawi limekuwa la meza ya mtoto. Ukichukua pointi kubwa, ya 1524, tawi linakuwa na 525. Afadhali, lakini bado ni finyu.

Kama ungekuwa unakwenda nje ungegawa kwa tofauti badala ya jumla, na mambo yangekuwa matamu. Pointi yenye tawi la 800, ikikunjwa kwenye kona ya 800 na tawi likaangalia nje, tawi hunyooka kabisa, mipindo miwili imefutana. Lakini una ukuta.

Kuna na suala la plastiki. Pointi ya dukani haikunjiki hadi 800. Niliwahi kuikunja moja kubwa. Nilikata vijiti upande wa nje kwa wembe, taruma baada ya taruma, nikaacha bila kugusa eneo la ndimi na eneo la frogi, yaani pale reli ya tawi inapokatana na reli ya njia kuu. Maeneo hayo mawili yakipotoka hata nusu milimita, magurudumu hugonga. Nikaibana kwenye ubao wenye alama usiku mmoja. Asubuhi tumbo lilikuwa milimita 3 kwa urefu wa 258, sawa na nusukipenyo cha kama mita 2 na robo tatu. Zaidi ya hapo ilianza kuinuka upande mmoja kama kola iliyopigwa pasi vibaya. Kwa kulainisha kona pana sana inafaa. Kwa kona yako haifai.

Zipo pointi zilizotengenezwa zikiwa zimepinda pande zote mbili. Ya Peco kwenye familia ile niliyoitaja juu ina upande wa nje wa 1524 na wa ndani wa 762. Kwako njia kuu itapita upande wa nje, na tawi litachukua 762 kuelekea ndani. Usiipachike tu mahali pa kona ya zamani kwa sababu jina lake lina neno kupinda. Hiyo 1524 ni pana karibu mara mbili ya 800 yako, kwa hiyo kona lazima ichorwe upya kuizunguka, kama nilivyomwambia mwenye behewa la tatu. Pointi hizi nazipenda kwa macho. Kwa kazi ni wasumbufu kidogo: gurudumu linakaa muda mrefu kwenye ndimi na frogi huku bado linapinda, na behewa lenye magurudumu yasiyokaa sawa kwenye ekseli huzikataa kabla ya kukataa kitu kingine chochote mezani. Pima magurudumu yako yote kwanza kwa geji, kile kipimo cha nafasi kati ya magurudumu.

Ila njia ambayo mimi ningeifuata ni ya bei rahisi kuliko zote, na huhitaji kununua pointi ya kupinda. Toka kwenye kona. Rudi nyuma kwenye mstari ulionyooka, weka pointi ya kawaida kabla kona haijaanza, na uache njia kuu inyooke kama ilivyozaliwa. Tawi litaanza kupinda kabla ya njia kuu. Likianza mapema, likapinda kwa kiasi kilekile, litakuwa ndani muda wote, sambamba kiasi, kama mistari miwili ya mshono. Hata mabingwa wa pointi za kupinda hufanya hivyo kwa siri: pointi ya kupinda ya familia ya reli za C ya kampuni ya Märklin ina matao mawili yenye nusukipenyo kilekile, milimita 360, ila moja limeanza milimita 77.5 kabla ya jingine. Mtu akiitazama anadhani tao la ndani ni finyu zaidi, kumbe ni mapacha, mmoja kawahi kuondoka.

Kwa hiyo pima kwanza mstari wako ulionyooka. Ukiwa na milimita 300 za akiba kabla ya kona, mazungumzo yameisha.

Kama huna hata hizo, imebaki kuitengeneza pointi mwenyewe juu ya patani. Programu iitwayo Templot hukuchorea pointi yoyote kwenye mpindo wowote, unachapisha kwa ukubwa wake halisi, unagundisha kwenye ubao, unachomelea reli juu ya mataruma yenye utando wa shaba. Usisahau kuukata utando huo katikati ya kila taruma, la sivyo umeme wa reli mbili unakutana. Mimi nilitengeneza mbili. Ya kwanza iliishia kwenye kopo la vyuma chakavu, ya pili inafanya kazi, na wageni wote nawaonyesha hiyo kabla sijawaonyesha kitu kingine.

SWALI: Kwenye kona zangu nimetandika vipande vya kadi chini ya reli ya nje ili treni iiname kwa ndani kama treni halisi. Sasa nataka kuweka pointi ya kupinda kwenye kona hiyohiyo. Kadi niziendeleze chini ya pointi?

JIBU: Hapana. Toa.

Pointi ni kitu bapa. Ukiinua upande mmoja, fremu yake hujisokota, na magurudumu manne ya bogi hayawezi kukaa yote juu ya kitu kilichosokotwa. Moja litaning'inia, na litaning'inia hasa pale linapopita kwenye frogi, ambako lilihitaji kuelekezwa. Hata kwenye reli halisi jambo hili huwasumbua wahandisi. Tawi likitoka kuelekea nje ya kona, mwinamo uliomfaa mwenzake unakuwa kinyume kwake, treni ya tawi inaegemea upande usiofaa, na inabidi mwinamo upunguzwe na mwendo upunguzwe.

Kwa hiyo kadi zianze kupungua mapema. Kama mwinamo wako ni milimita 1, na kwa HO sioni sababu ya kuzidi hapo, ushushe taratibu kwa urefu wa behewa lako refu kuliko yote, milimita 300 hivi, ufike sifuri kabla ncha ya pointi haijaanza. Upande wa pili vivyo hivyo. Mimi hutumia karatasi za bahasha badala ya kadi: nne juu ya nyingine, halafu tatu, halafu mbili, halafu moja. Gundi iwe chache, na uipitishie behewa tupu kwa mkono ikiwa bado mbichi.